Mgonjwa wa Mama Suzanne

Evariste aliposikia kwamba kuna mama anatafuta mtu wa kutibu mnyama aliyeachwa na Mzungu, hakuuliza ni mnyama gani. Aliuliza kama nyumbani kwake kuna frigo, jokofu la umeme. Tangu wanajeshi walipopora mji, frigo zilikuwa adimu Likasi kuliko mishahara, na mwenye baa mmoja wa Kamatanda, Isidore, alikuwa tayari kutoa cherehani nzima apate moja.

Basi akavaa koti jeupe la marehemu mjomba wake, aliyekuwa kinyozi, akapanda baiskeli, akaenda kupiga hodi.

Mama Suzanne alikuwa mpishi wa mhandisi aliyekimbia nchi na begi moja mkononi. Mnyama alikaa ndani ya sanduku la vioo: mweupe, mkia wa samaki, miguu minne, na tabasamu la mtu anayepigwa picha ya harusi. Kandokando ya kichwa alikuwa na matawi mekundu ya kupumulia, ila sasa yameota ukungu kama pamba, na chakula alikuwa amekisusa.

"Jina yake axolotl," akasema Mama Suzanne. "Minye namuitaka Josée."

Evariste aliinama, akanusa yale maji yaliyochacha, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeisomea huzuni hiyo chuo kikuu.

"Mama, hii ni joto. Kwabo ni kwa baridi. Kama hatuiweke mu frigo, itakufa. Nitaipeleka ku clinique yangu, kule Shituru, yee na frigo pamoja."

"Na frigo itarudia, Docteur?"

"Mama, minye ni muntu ya Mungu."

"Bale balibeba bintu ya patron, nabo balikuwa bantu ya Mungu. Acha kinga yako hapa," akasema, akiionyesha baiskeli. " Mugonjwa akipona, unamurudisha, unakamata kinga."

Baiskeli kuukuu kwa frigo nzima. Evariste nusura amwonee huruma.

Akaazima mkokoteni, akausukuma hadi Kamatanda juani, Josée juu ya frigo ndani ya beseni lililofunikwa kitambaa kibichi. Isidore alizunguka nyuma ya frigo, akainama, akakaa huko muda mrefu.

"Motere iko wapi?" akauliza.

Palikuwa na tundu tu, na buibui mwenye familia.

Evariste alirudi kwa Mama Suzanne akiwa na hasira. Alimkuta anamenya mihogo.

"Mama, ile frigo haina motere."

"Ndiyo. Basoda balibeba motere. Weye uliomba frigo, haukuuliza motere." Akaendelea kumenya. "Mugonjwa iko namna gani?"

Evariste aliwaza kumtupa mgonjwa mtoni. Lakini bila mgonjwa hakuna baiskeli, na tapeli asiye na baiskeli hana namna ya kutoroka kabla watu aliowatapeli hawajaamka. Akashusha sauti.

"Patron alikuwa anaifanyiaka nini?"

"Mayi safi ya baridi, ya ku source, kila siku. Kama ukungu inatoka, unaiogesha mu mayi ya chumvi, kidogo tu, halafu unaitosha inje. Chakula ni minyoo. Ile yote najua, Docteur. Ni kubeba mayi njo kulinishinda. Robinet za mayi zilikauka, na magoti yangu pia."

Basi daktari akabeba maji. Alishuka chemchemini na kupanda, bidoni za maji mikononi, akimtukana Josée kwa Kifaransa na Kiluba. Akamwogesha chumvi. Akachimba minyoo huku majirani wakimwangalia. Asubuhi moja pamba ikabanduka yenyewe, na mnyama akamnyakua mnyoo kutoka vidoleni mwake. Evariste akajikuta anacheka peke yake, akaangalia nyuma kama kuna aliyemwona.

Alipomrudisha, Mama Suzanne alichunguza yale matawi mekundu kwa makini, akamweka Josée ndani ya vioo, akaingia ndani kutoa baiskeli. Alikuwa mtu wa ahadi.

Evariste alishika usukani. Hakupanda.

"Mama, na kesho nani atamuletea mayi?"

Mama Suzanne aliangalia tu nyuma ya baiskeli, ambako bidoni mbili tupu zilikuwa zimeshafungwa kwa kamba mpya.