Chaki ya Baba na Mkeka wa Waliofunga

Jumatatu, 4 Ramadhani

Nimeonewa. Leo tena nimefuturu jikoni, kwenye kigoda, pamoja na mtoto wa jirani ambaye bado analishwa kwa kijiko. Nyumbani kwetu sheria ni moja: waliofunga wanakaa kwenye mkeka mkubwa sebuleni, na Baba anampa kila mmoja tende yake mkononi. Wengine jikoni. Na mimi nina miaka tisa!

Tatizo ni mdogo wangu. Ana miaka saba, tunamwita Kadhi kwa vile anavyopenda kuhukumu watu. Amefunga tangu mwezi uanze, sasa amejipa kazi ya kukagua ndimi. Eti aliyefunga ulimi wake huwa mweupe. Nikautoa. Mwekundu. Nikasema ni joto. Bibi akasema hajawahi kusikia joto linanukia pipi.

Niliwachungulia kupitia mlango. Chakula kinafuka moshi mbele yao, tende mikononi, na hakuna anayekula! Watu wazima, wenye njaa, wametulia tuli wakisubiri adhana. Hata Mjomba, ambaye siku nyingine hufunua sufuria kabla hajavua viatu. Mwili ulinisisimka. Nataka kukaa pale. Lazima.

Jumanne, 5 Ramadhani

Akili ni mali yangu. Baba ni fundi cherehani, chumba chake cha kushonea kiko mbele ya nyumba, na mezani kuna chaki za kuchorea vitambaa. Nyeupe! Mchana nikala biskuti chini ya meza ya kukatia, nikanywa maji, kisha nikasugua chaki ulimini. Ladha ya ukuta. Kadhi akakagua, akaduwaa, akaniomba radhi. Nikamsamehe kwa masharti.

Kisha Baba akaniita. Alikuwa anamalizia koti jeusi la mwalimu mkuu, na macho yake siku hizi hayalioni vizuri tundu la sindano. Mimi ndiye humtungia uzi. Nikafanya kama kawaida: nikalamba ncha, nikatunga, nikampa.

Baba akauinua kwenye mwanga. Uzi mweusi, ncha nyeupe pe. Akasema uzi huu umeota mvi.

Akaikata ile ncha, akaanza kutunga mwenyewe. Ukapita pembeni. Akajaribu tena, ukapita pembeni. Nikamwuliza kwa nini asiulambe. Akasema mwezi huu hatii kitu mdomoni mchana, hata uzi.

Hata uzi! Jioni nilienda jikoni mwenyewe, bila kuambiwa.

Jumatano, 6 Ramadhani

Haiwezekani mtu akawa hivyo. Nikaamua kumpeleleza Baba. Nilijibanza chini ya meza ya kukatia, nikiwa na uhakika nitamfumania.

Joto kali. Pasi ya mkaa inawaka. Mteja wa mwisho akaondoka, Baba akarudisha mlango. Yuko peke yake na mtungi wa maji. Akachota kikombe. Nikajisemea, ehee, leo umepatikana.

Akasukutua, akatema dirishani. Yote. Kisha akabaki ameshika kile kikombe, kimejaa karibu nusu, maji ya baridi, midomo yake imekauka imepasuka. Akayamimina kwenye ua lililopandwa koponi.

Hakuna aliyekuwa anamwona! Hakujua kama nipo. Hata Kadhi hakuwepo wa kumkagua. Nikaogopa, ingawa hakuna kitu cha kutisha kilichotokea. Nimeishi na mtu huyu miaka tisa na sikujua ni mkubwa kiasi hiki.

Nilikuwa na biskuti mfukoni. Nimeirudisha kabatini. Nusu yake, nusu nyingine ilikuwa imeshatangulia.

Alhamisi, 7 Ramadhani

Nimefunga! Kweli kabisa!

Daku nilikula mpaka Bibi akauliza kama nina safari. Asubuhi nikadunda vizuri. Adhuhuri kila kitu kikanukia mkate, hata viatu. Alasiri nikalala juu ya vipande vya vitambaa, na nilipoamka nilikuta Baba amenifunika kwa koti la mwalimu mkuu.

Halafu mkeka. Baba akaniwekea tende mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake. Adhana bado. Nyumba nzima kimya, nasikia tumbo langu na la Mjomba yakisemezana. Nimeshika tende na sili. Mimi! Machozi yakanitoka tu. Kisha adhana. Sijawahi kula kitu kitamu namna ile.

Ndipo Kadhi akaniambia nitoe ulimi. Nikautoa kwa fahari. Akautazama weee, akasema hapana, juzi ulikuwa mweupe zaidi. Kwa hiyo juzi ndipo nilifunga, leo nimedanganya! Baba alicheka mpaka akapaliwa. Akasema yeye anajua kwamba nimefunga, na yatosha.

Haitoshi. Kesho nafunga tena, kwa moyo wote, bila hata chembe ya biskuti. Ila ushahidi lazima uwepo. Nimemwuliza Bibi kama kulamba chaki kunaharibu funga, nikasema ni swali la rafiki yangu. Bibi amejibu huyo rafiki akae mbali na meza ya Baba.

Chaki nyeupe zote zimefichwa. Nimepata ya bluu.