Kuhusu Pazia Lisilotaka Kuanguka

Sebuleni, upande wa mlango wa mbele,
Ihembe, Karagwe.

Kwa Mama Mkwe Adelgunda,
Sebuleni, upande wa vyumbani,
Nyumba hii hii.

Mama Mkwe Mheshimiwa,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU PAZIA

Shikamoo mama. Sina haja ya kuuliza kama barua hii imekukuta mzima, kwa kuwa nakusikia hapo ulipo ukimenya ndizi na kumwimbia mjukuu wako.

Naandika kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ni katibu wa kwaya ya usharika, na kwangu jambo zito halijawa jambo mpaka liandikwe. Pili, unajua kama nijuavyo kwamba kwetu mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni, wala hawali wakionana, na kulalamikia kitambaa kupitia kitambaa hicho hicho nimeona ni kukosa adabu. Nilimwomba Joanitha, mke wangu na binti yako, akufikishie ujumbe kwa mdomo. Alicheka mpaka akalazimika kukaa. Kwa hiyo nitaipitisha barua chini ya pazia, juu ya sahani.

Ili mambo yaende kwa utaratibu, naanzia mwanzo. Ulikuja kutoka Kaisho mjukuu wako Ainembabazi alipozaliwa, baada ya Joanitha kufanyiwa upasuaji na kukatazwa kuinua hata ndoo ya maji. Nyumba yangu ina sebule moja, na hakuna njia ya kufika vyumbani bila kuipita. Ikabidi sebule igawanywe. Wewe, Joanitha na mtoto mkachukua upande wa vyumbani, mimi nikabaki na kochi, redio na mlango wa mbele. Pazia ulikuja nalo mwenyewe, lile la kijani lenye maua mekundu. Kulitundika ikawa kazi yangu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye nyumba. Malalamiko yanaanzia hapo.

1. Kuhusu kamba ya mgomba.
Mara ya kwanza nililitundika kwa misumari miwili na kamba ya mgomba, kama nifungavyo mikungu kwenye baiskeli. Kamba ya namna hiyo imebeba ndizi zangu hadi Omurushaka na haijawahi kunidhalilisha. Wewe ulisema, kwa sauti iliyopita kitambaani bila kizuizi, kwamba ukuta wa udongo haushiki msumari, na kwamba kamba ya mgomba ikikauka hulegea. Nalalamika kwamba ulisema hivyo kabla pazia halijaanguka. Mtu mwingine angengoja lianguke kwanza, tukashangaa wote pamoja.

2. Kuhusu jioni ya kuku.
Lilianguka jioni ile tuliyochinja kuku, nyinyi mkiwa bado mnakula. Kwa mujibu wa mila zetu, sikuona kitu. Niligeukia ukutani papo hapo na ninasisitiza kwamba sikuona. Lakini mtu ambaye angeona, si mimi, angeona firigisi kwenye sahani yako, imeng'atwa upande mmoja. Firigisi ni ya mwenye nyumba, na muda mfupi tu kabla ya hapo Joanitha alikuwa ameniambia kwamba ya kuku yule imeungua. Siwezi kukudai kitu ambacho sikukiona. Naweka tu kumbukumbu.

Vilevile, mtu ambaye angetazama upande wangu, si wewe, angeniona nimejifunga kanga ya mke wangu, mtoto yuko kifuani, na mimi nikimbembeleza kwa sauti ya kwanza, wakati usharika mzima unajua kwamba mimi huimba sauti ya nne. Kesho yake shemeji zangu wa Kaisho walinipigia simu wakaomba niwaimbie kidogo. Sijui habari waliipata wapi, kwa kuwa hakuna aliyeona.

3. Kuhusu keke na pimamaji.
Nilikwenda shambani, na niliporudi nikakuta umeazima keke ya kutobolea na pimamaji ya Hagenimana, yule fundi mwashi jirani yetu. Hukumleta Hagenimana mwenyewe, ambaye ni mwanaume mwenzangu na ningeweza kumlaumu. Ulikwenda mlangoni kwake ukamuuliza maswali, ukarudi, ukapanda juu ya kreti la soda na umri wako huo, ukatoboa ukuta wangu. Ndani ya matundu ukapachika vile vijibomba vya plastiki ambavyo mafundi huviita fisha, ili skrubu ipate kung'ang'ania. Ukafunga kishikio kimoja ukuta wa jikoni na kingine ukuta wa barabarani, ukalaza bomba juu yake, ukapitisha pazia.

Ningeyavumilia hayo. Lakini ile pimamaji hukuirudisha. Umepima meza yangu, ikaonekana imeinama. Umepima picha yetu ya harusi, imeinama. Umepima hata cheti changu cha kwaya. Mimi na Joanitha tulikuwa tunaishi kwenye nyumba iliyonyooka, na sasa imegundulika kwamba kilichonyooka humu ndani ni pazia lako peke yake.

4. Kuhusu kahawa.
Hili ndilo linaloniuma. Niliomba mimi mwenyewe nikaze skrubu za mwisho, ili majirani wakiniuliza ni nani kalitundika niweze kujibu bila kudanganya sana. Ulikubali kwa upole. Na kwa kuwa hukuweza kuja kunionyesha, ulinielekeza kutoka nyuma ya kitambaa, kwa ile "waitu" yako ya heshima: "Geuza mkono kuelekea kahawa, waitu, mpaka igome."

Kahawa yangu iko mbele ya nyumba na migomba iko nyuma, kwa hiyo nilielewa vizuri. Kwenye ukuta wa jikoni niligeuza kuelekea kahawa, ikagoma. Nikavuka hadi ukuta wa barabarani, nikageuza tena kuelekea kahawa, kwa nguvu zaidi. Huko haikugoma. Ilizidi kuwa laini, nami nikadhani imeridhika. Hukuniambia kwamba mtu akivuka kwenda ukuta wa pili anakuwa amegeuka, na ile kahawa iliyokuwa mkono wake wa kulia inakuwa mkono wake wa kushoto. Kahawa haikuhama, mama. Niliyegeuka ni mimi, na nilistahili kuonywa.

Matokeo yake unayajua. Mwinjilisti alikuja kushukuru kwa ajili ya mtoto, pamoja na jirani yangu Nestory na mkewe Vero, na bomba likachomoka katikati ya sala. Mwinjilisti wetu hakatizi sala kwa sababu ya kelele za dunia. Wote walikuwa wamefumba macho isipokuwa sisi wawili, na tukatazamana. Mpaka leo sijui ni nani kati yetu aliyepaswa kufumba kwanza. Wewe ulikuwa umeziba mdomo kwa kanga na mabega yanatikisika. Nilipoona hivyo, nami nikashindwa kujizuia. Mwinjilisti aliposema amina alikuta waumini wameongezeka, na wawili kati yao wanatokwa na machozi, akafurahi sana kuona jinsi sala ilivyotugusa.

5. Kuhusu hali ilivyo sasa.
Baada ya hapo ulikaza mwenyewe. Ulitundika mkungu mzima wa ndizi kwenye bomba ili kulijaribu, likakaa kama halina habari. Tangu siku hiyo pazia halianguki, na tangu siku hiyo kila kuku anayechinjwa hapa nyumbani hana firigisi. Nilikwenda hadi Kayanga kumuuliza bwana mifugo kama kuna kuku wanaozaliwa hivyo. Akaniuliza kama napata usingizi wa kutosha.

Ugonjwa huu umeshatoka nje ya nyumba yangu. Zamani pazia la kwa Nestory lilipoanguka aliitwa, akapanda kiti, akagonga msumari, akasifiwa, akapewa chai. Lilipoanguka tena wiki iliyofuata akaitwa tena, akapewa chai tena. Ndoa yao ilikuwa imesimama vizuri juu ya msumari ule. Sasa Vero amekuja kwako, amejifunza habari za fisha, na pazia lake limesimama moja kwa moja. Nestory haitwi. Wanaume tumekaa tukalitafakari jambo hili na tumeona linakoelekea: mwanamke aliyefunga pazia atafunga rafu, aliyefunga rafu atafunga mlango, aliyefunga mlango atapanda kwenye paa kubadilisha bati, na sisi kazi tutakayobaki nayo ni kushikilia kiti. Nestory ameshaanza kushikilia.

6. Kuhusu swali la jioni.
Kila jioni, kabla hujaingia chumbani, unaniuliza kupitia pazia kama nimekula. Unajua kwamba nimekula. Uliyepika ni wewe. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo mara mbili mfululizo. Nikitaka kujibu, hukosa sauti ya kuanzia, na kwa mwimbaji jambo hilo si dogo. Huishia kukohoa tu, nawe ukadhani nina kifua, ukaniletea tangawizi. Naomba swali hili liangaliwe upya.

Sasa Joanitha ameniambia kwamba ameshapata nguvu, anainua ndoo, na kwamba Jumamosi unarudi Kaisho. Nimeipokea taarifa hiyo kwa utulivu mkubwa. Nimemwambia ni sawa kabisa. Tena, kwa haya yote niliyoyaeleza, naona ndilo suluhisho pekee, na ninaomba rasmi lisicheleweshwe. Naomba uondoke na pazia lako, kwa kuwa ni mali yako, na matundu nitayaziba kwa udongo. Naomba keke na pimamaji virudishwe kwa Hagenimana, ili meza yangu iiname kwa amani. Wanaume wa Ihembe watapanda tena kwenye viti vyao, kuku wataota tena firigisi, na mimi nitalala chumbani kwangu, nikisikia ukimya tu.

Mbusu Ainembabazi kwa niaba yangu, umwambie baba yake yupo, ni hapa hapa tu. Nisalimie Joanitha, na kama bado anacheka, msalimie atakapomaliza. Salamu kwa Hagenimana ukienda kumrudishia vifaa vyake. Shemeji zangu wa Kaisho nao wasalimie, lakini usiwasimulie lolote.

Nabaki kwa adabu zote, upande wangu wa kitambaa,

Mkweo,
Gosbert
Katibu wa Kwaya

N.B. Sahani iliyokuja na barua hii ina firigisi. Nimeikaanga mwenyewe, na ni yako.

Joanitha amenidokeza pia kwamba pazia hilo alikununulia baba mkwe, marehemu, na kwamba huwezi kamwe kuondoka na kuliacha kwenye nyumba ya mtu. Mimi sikulijua hilo. Basi ukiitafuta bisibisi usimsumbue Hagenimana, iko mfukoni mwangu na itaendelea kuwa humo. Asubuhi, ulipokwenda kuteka maji, nilipita kwenye skrubu zote. Ukuta wa jikoni nimekaza kuelekea kahawa, ukuta wa barabarani nimekaza kuelekea mgombani. Zote zimegoma. Hapo hachomoi mtu, si Jumamosi hii wala ijayo.

Na ndiyo, mama. Nimekula.