Maneno Niliyosema Nikifanya Mazoezi ya Goti

Kwa Mganga Mkuu,
Hospitali ya Wilaya.

Mheshimiwa Daktari,

Pokea salamu za Ambrosi, dereva wa trekta mstaafu na mkuu wa meza, yaani mwenye kuongoza maneno ya heri na kuinua glasi, katika kila karamu ya kijiji chetu tangu wewe hujaota meno. Shule nilikwenda kidogo, lakini barua naandika mwenyewe, sishikiwi kalamu. Nina malalamiko juu ya binti yenu Khatuna, yule wa mazoezi ya viungo, na nataka cheti.

La kwanza. Nilipomaliza tiba hapo kwenu, Khatuna aliniambia: "Babu, gegedu la goti limelika, halirudi. Ila ukikaza misuli ya paja, maumivu yatapungua. Ukiwa nyumbani, kaa kwenye kiti, simama bila kushika kitu, kaa tena polepole. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni." Nikamwambia nitasahau. Akacheka. "Basi fanya wakati wa kula. Chakula hukisahau." Daktari, huyo binti amekulia wapi? Mwanamume akisimama mezani si ana neno la heri? Na wenzake si lazima wasimame na glasi zao, wamsikilize, wanywe hadi tone la mwisho?

La pili. Jumapili tulimaliza kuvuna zabibu, wavunaji wote wakala kwangu. Alikuwapo pia jirani yangu Zauri, mtu ambaye akiinua glasi huongea kama anasoma bei za sokoni. Chakula kikaja, na mimi tiba siikosi. Nikasimama. Meza nzima ikasimama. Ningesema nini, kwamba ni goti? Mkuu wa meza hana goti. Nikaombea amani, nikakaa polepole kama nilivyoagizwa. Nikasimama tena, wazazi waliotangulia. Tena, watoto. Tena, mzabibu wenyewe. Mke wangu Tsiala akanong'ona, "Mzee, una nini leo, umekalia msumari?" Mimi nilikuwa nahesabu. Ilifika mahali nikamsifu ndama wa shemeji, na watu wazima wakanywa kwa heshima ya ndama, mmoja akafuta machozi. Nasema hili ujue uwezo wangu.

La tatu, na hapa ndipo panaponiuma kuliko goti. Mara ya kumi kichwa kilikuwa kitupu na paja linawaka moto. Macho yakamwangukia Zauri. Nikausikia mdomo wangu ukisema kwamba hakuna anayestahili kuongoza meza ya harusi ya mjukuu wangu Tamta kuliko Zauri. Akaja kunikumbatia, akanilowesha shingo kwa machozi. "Kaka Ambrosi! Na mimi miaka yote nikidhani unanidharau!" Daktari, namdharau. Lakini neno limeshanywewa mvinyo, na harusi ni mwezi ujao.

Sasa tutumie akili. Aliyesimama si mimi, ni goti. Aliyeliamuru goti ni Khatuna. Khatuna ni mtumishi wenu. Kwa hiyo aliyempa Zauri meza yangu ni hospitali.

Naomba cheti chenye mhuri, kieleze kwamba maneno ya mgonjwa akiwa mazoezini ni sehemu ya tiba, kama kelele za mtu anayeng'olewa jino, hayamfungi. Khatuna akilete mwenyewe, amsomee Zauri mbele ya watu. Kama hakipatikani, basi nirudishieni maumivu yangu kama nilivyokuja nayo. Wakati ule niliongoza nikiwa nimekaa, nikasema nilichokusudia, na hakuna aliyeninyang'anya kitu.

Wasalimie wauguzi, mpishi wa uji, na mlinzi wa getini aliyeniita kijana. Khatuna msalimie kidogo tu.

Ni mimi mwenye haki yangu,
Ambrosi.

Nyongeza: Tamta ameisoma barua hii kabla sijafunga bahasha. Ameniambia, "Babu, mkuu wa meza haondoki mezani mpaka kuche. Akikaa Zauri pale, si utacheza na mimi?" Daktari, nimeozesha watoto watatu na sikucheza hata harusi moja, nilikuwa naongea. Cheti acheni. Khatuna aniandikie zoezi la ngoma yetu ya harusi: kuteleza kwa hatua fupi fupi na kugeuka ghafla, mikono juu, bila kumshikilia bibi harusi. Nimejaribu jikoni, mlango nimeufunga. Kugeukia kushoto naweza. Kulia bado, na anijibu upesi.