Mto wa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Itangazwe rasmi: leo asubuhi nimejiteua Fundi Mkuu wa mashine ya kukaushia nguo. Mpinzani hakuna. Mpiga kura pia hakuna. Mashine inakausha shuka moja kwa saa tatu! Mama watoto kasema isipopona hadi Jumamosi, anamwita kaka yake. Shemeji yule fundi umeme! Bado anasimulia habari za bomba nililolirekebisha likafurika hadi sebuleni. Afadhali nikaushe shuka kwa pumzi yangu.

Jumanne, 5 Machi
Nimechomoa plagi kwanza (sina haraka ya kufa). Nikavuta chujio. Lahaula! Manyoya ya nguo yameshonana kama blanketi la kijivu! Miaka mitatu nilidhani kile kidroo ni urembo. Hapo hapo wazo likanijia: Mama mkwe anakuja Jumapili, na mito yetu huiita matofali. Nitamjazia mto wa manyoya! Shemeji na ufundi wake wote hajawahi kumpa hata kitambaa.

Jumatano, 6 Machi
Manyoya hayatoshi. Nimekausha mablanketi, mazulia, taulo ambazo zilikuwa kavu tangu juzi. Mama watoto kauliza, baba, taulo kavu zimekosa nini? Nikasema ni majaribio. Akaonya manyoya hayo hushika moto kuliko karatasi, niyatupe leo leo. Nikamwambia nimeshatupa.
Yamo kwenye boksi nyuma ya mashine. Pana joto, hayatashika unyevu. Akili hizi nimezitoa wapi!

Alhamisi, 7 Machi
Mto nimeshaujaza, na boksi bado limenona! Nimesukuma mashine hadi ukutani kulificha. Kuna harufu ya kuungua. Nimewasingizia majirani.

Ijumaa, 8 Machi
MOSHI!
Shemeji kaja bila hata kungoja Jumamosi. Katoa manyoya kwenye bomba la hewa ya moto, marefu kama mkia wa kondoo. Bomba lenyewe nililiponda kwa kule kusukuma. Kasema chujio lisafishwe kila mzunguko, bomba lipewe nafasi, na mashine isiachwe ikizunguka peke yake. Hakucheka. Kapiga picha tu. Hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe kafika. Nimemsimulia nilivyopambana na moto. Mama watoto akakohoa.
Basi hapa niseme ukweli. Boksi ndilo lililoanza kuungua. Aliyezima swichi kuu ni mama watoto. Aliyeliburuta boksi hadi uani na kulimwagia maji ni mama watoto. Mimi nilikuwa barabarani, napiga kelele za moto, nimeukumbatia mto. Nilitoka na mto, mke nikamwacha ndani. Hilo linaniuma kweli, nami nimemwomba radhi. Kasamehe, ila chujio sasa ni kazi yangu hadi kaburini.
Nalisafisha kila mara! Tayari nina mfuko mzima wa manyoya ya mto wa pili. Safari hii nimeuweka mbali kabisa na mashine, mahali pakavu pasipofunguliwa na mtu: ndani ya oveni.
Mama mkwe anauliza kiberiti kiko wapi. Anataka kutuokea mkate.