Nafasi ya Muuguzi, Mita Mbili kwa Moja na Nusu

Mgeni rasmi, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe, Mwenyekiti wa Bodi ya hospitali hii; Daktari Mfawidhi, wajumbe wa kamati, wa kamati ndogo na wa kamati ya kuifuatilia kamati ndogo, wauguzi wapendwa mliosimama kwa kukosa viti, nanyi wazee wa wodi namba nne mliosukumwa hadi hapa mkiwa vitandani: itifaki izingatiwe! (Makofi. Mzee mmoja anakohoa.)

Wauguzi, mlituandikia barua mkidai, nanukuu, "muuguzi apewe nafasi katika kupanga ruhusa ya mgonjwa mzee." Basi baada ya miezi kumi na minne ya upembuzi yakinifu, warsha tatu na semina elekezi ya wadau, natangaza kwa kifua mbele kwamba nafasi imepatikana: mita mbili kwa moja na nusu, chini ya ngazi za jengo jipya, inatosha meza na muuguzi mmoja mwembamba! (Mtu anacheka, ananyamazishwa.)

Sista wa wodi namba nne amenyoosha mkono. Sema, mama.

("Mheshimiwa, tuliomba kusikilizwa, hatukuomba chumba! Huyu bibi wa kitanda cha saba kaandikiwa ruhusa leo. Nyonga haijapona, anakaa peke yake ghorofa ya tatu, bintiye anafika Jumamosi. Nani alituuliza?" Vigelegele.)

Swali zuri, nami nitalijibu kimkakati. Takwimu hazidanganyi: robo hii tumewaruhusu wazee kwa asilimia mia moja na nne, maana wengine tumewaruhusu mara mbili! (Sauti: "Walirudi wameanguka!") Naam, na kurudi kwao ni ishara ya imani waliyo nayo kwa hospitali yetu. Bibi, hongera, una ruhusa!

("Mwanangu, mie naomba ruhusa ya kubaki.")

Fomu ya namna hiyo hatuna, bibi. (Sista anakisukuma kitanda cha saba kurudi wodini, simu sikioni. Wauguzi wanampisha.)

Wauguzi, nafasi! Wazee, ruhusa! Hospitali, mbele kwa mbele! (Mpiga picha peke yake anaitikia.)

Kwa kumalizia, namshukuru Sista, ambaye naambiwa anampigia binti kwa simu yake mwenyewe na anamrudisha mgonjwa kitandani bila kibali changu. Endelea hivyo hivyo, mama, kwa sababu jengo jipya tulilifuta kwenye mipango tangu mwaka jana, pamoja na ngazi zake na nafasi yenu chini yake. Asanteni kwa kunisikiliza.