Maandazi Yenye Majibu Ndani

Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Daktari kasema niandike. Eti badala ya kupima presha mara saba kwa siku, nishike daftari, hofu zangu nizimwage humo. Haya. Mimi niliyeishia darasa la nne, kalamu naishika kama mkasi. Janelle binti yangu kanipa daftari lake la hesabu lililobaki nusu.

Hofu ya leo: mdomo wangu.

Dada Quan, anayeshona kola kwenye cherehani ya mbele yangu, kaja kiwandani na picha. Yeye na kofia mpya, kwenye makumbusho ya wahamiaji, Kisiwa cha Malaika, kasimama mbele ya ukuta wenye mashairi waliyochonga watu wetu kutoka Uchina, waliofungiwa mle zamani kabla ya kuruhusiwa kuingia Marekani. Picha ikazunguka cherehani zote ishirini. Dada Quan kidole juu: shairi hili kachonga marehemu baba yake. Wanawake, aaah! Sindano zikasimama.

Nikasema baba mkwe wangu hakwenda kule kupiga picha. Alilala mle. Siku arobaini na tatu, akiwa na miaka kumi na mmoja!

Dada Quan akauliza kwa sauti ya asali: "Basi mdogo wangu, picha yake iko wapi?"

"Inakuja! Jumapili hii tunakwenda familia nzima!"

Nani alinituma?

Jioni nimemwambia Baba Mkwe huku namwongezea supu. Hakutoa macho kwenye televisheni. Kasema kule ameshakaa, arudi kwani alisahau kijiko?

Lakini si Dada Quan tu. Hili naliandika polepole. Mzee ana miaka sabini na mmoja, kifua kinapiga filimbi. Janelle ana kumi na minne na hajui hata neno moja la kisiwa kile. Mzee akiondoka na yake moyoni, mwanangu atabaki na babu wa kwenye fremu.

Lazima aende.

Jumanne, 4 Oktoba

Ushindi! Nimepata mbinu nikiwa napiga pasi. Nimemwambia Baba Mkwe kwamba Jumapili tunapanda feri kwenda ng'ambo ya ghuba kula kaa, wale wenye magando manene, wa mvuke na tangawizi. Kakubali papo hapo. Hata hakuuliza mgahawa gani. Tukishafika majini, atashuka wapi? Ataogelea?

Nimemweleza mume wangu. Wing ni mpishi, anarudi amechoka na ananuka vitunguu, haelewi mipango mikubwa. Kasema, "Mama Janelle, mwambie tu ukweli mzee wa watu." Nikamwambia ukweli ni wa watu wenye bima.

Hofu: feri kuzama. Upepo. Kifua cha Mzee. Kofia ya Dada Quan.

Jumatano, 5 Oktoba

Msiba! Baba Mkwe kaja jikoni nikiwa naosha mchele, kasimama mlangoni, kauliza kwa sauti ya chini: "Wale wenye kofia bado wapo kule kisiwani?"

Anajua! Nani kamwambia? Wing! Leo kala wali wa chini ya sufuria, ule mweusi, na hajui kwa nini. Atafakari.

Mzee kafunga mlango. Kanikumbusha ninachokijua tangu niolewe na asichokijua Janelle: Hom tunaloitwa si jina letu la kweli. Alikuja kwa karatasi za mtoto wa mtu mwingine, aliyefia kijijini. Kwenye meli akakariri ukoo wa watu, nyumba ya watu, kisima cha watu. Kisiwani wenye kofia, maofisa wa uhamiaji, wakamuuliza maswali mia na kumi. Ukikosea moja, meli ya kurudi. Sasa aende mwenyewe, kwa miguu yake, akawakumbushe?

Nikasema, Baba, ni miaka sitini. Kasema serikali haitupi karatasi yoyote jalalani. Yeye hatupi hata kamba za maboksi, itakuwa serikali?

Hapo ndipo akili yangu, isiyo na cheti, ilipowaka. Nikasema: basi tukariri wote. Wakimuuliza yeyote, majibu ya wote wanne yafanane. Watatufanya nini?

Kafungua mlango. Kisha kaniita "mwanangu". Miaka kumi na saba katika nyumba hii, mara ya kwanza!

Nimekwenda chooni, nimelia kidogo, nimerudi kukaanga samaki.

Alhamisi, 6 Oktoba

Mazoezi. Janelle kaambiwa ni mchezo wa makumbusho. Baba Mkwe kakaa mkuu wa meza, kavaa kofia ya mvua ya Wing ili awe mkali.

Hatua ngapi kutoka mlangoni hadi kisimani? Thelathini na moja. Pipa la mchele liko wapi? Chini ya dirisha la kaskazini. Dirisha linafunguka? Halifunguki. Nani anakaa nyumba ya tatu, safu ya pili? Mjane mwenye chongo. Mbwa je? Hakuna mbwa.

Mimi sikukosea hata moja. Darasa la nne! Janelle kakosa moja tu. Wing kasema mbwa ni wa manjano. Mzee kagonga meza: "Huyu arudishwe na meli ya kesho!" Janelle kacheka hadi chai ikatokea puani. Mzee naye kacheka. Kifua kikapiga filimbi, lakini ilikuwa filimbi ya furaha, nimeisikiliza vizuri.

Ijumaa, 7 Oktoba

Nimekariri nikishona. Mifuko kumi na miwili nimeiweka kichwa chini. Msimamizi kapiga kelele. Dada Quan kaniona ninavyochezesha midomo, kauliza ninaomba dua gani. Nikasema nina maandalizi. Kasema vizuri, maana na yeye Jumapili anakuja, "nikusaidie kupata shairi la kusimama mbele yake, usije ukapiga picha na choo."

Anakuja kuona nitakavyoshindwa! Mapigo ya moyo, mia moja na nne.

Jioni faraja kidogo. Mzee kasimulia jinsi ndugu wa mjini walivyokuwa wakiwapelekea wafungwa majibu yamefichwa ndani ya maandazi ya mvuke, chini ya nyama. Wapishi wa mle ndani, watu wetu, wanapitisha. Unauma, unatoa karatasi, unasoma, unaimeza.

Maandazi! Wing atasahau mbwa, namjua. Kesho nakanda unga. Maandazi kumi na mawili, kila moja na jibu lake.

Jumapili, 9 Oktoba

Naandika jikoni, viatu sijavua. Nianzie wapi?

Feri haikuzama. Nilishika maboya mawili njia nzima ili isithubutu. Baba Mkwe kavaa shati jeupe na tai. Nikamuuliza tai ya nini, kasema mara ya kwanza walimpokea akiwa na chawa.

Dada Quan alikuwepo, na kofia. Feri haijafika katikati ya ghuba, mkono wake ukawa kapuni mwangu, kwenye maandazi. Hakuuliza! Nikapiga ukelele, ameshauma. Katoa karatasi kwenye meno. Kasoma: "Hakuna mbwa."

Kadhani ni utabiri wa bahati yake, kama vile vikaratasi vya kwenye biskuti za mgahawani. Kageuka rangi. Kaninong'oneza kwamba mbwa wake mzee kabaki peke yake nyumbani tangu asubuhi. Nitasemaje? Niseme ni siri ya kuingilia Marekani? Nikamwambia achukue lingine, pengine ni zuri zaidi. Kachukua. "Mjane mwenye chongo." Hakula tena hadi tulipofika.

Kupanda kule! Ngazi zaidi ya mia, kisha njia ndefu ya mlima. Kila ngazi kumi namsimamisha Mzee namsikiliza kifua. Analalamika kwamba zamani meli ilikuleta hadi mlangoni. Serikali ile angalau ilikuwa na adabu.

Mlangoni, mwenye kofia! Msichana mrefu, askari wa hifadhi, kofia pana kama sinia. Baba Mkwe akanishika mkono. Msichana katabasamu, kauliza: "Karibuni, mmetoka wapi?"

Wing akaropoka: "Nyumba ya tatu, safu ya pili! Mbwa hatuna!"

Nilitamani ardhi inimeze na kapu langu. Msichana kasema vizuri, karibuni ndani.

Ndani, vitanda vya chuma vitatu vitatu hadi darini. Mashairi ukutani. Wageni kama thelathini. Msichana anaeleza jinsi watoto walivyokuwa wakihojiwa. Kasema, kwa mfano wangeulizwa hatua kutoka mlangoni hadi kisimani. Nani kati yetu leo angejua?

"Thelathini na moja," kasema Baba Mkwe.

"Thelathini na moja!" mimi nikadakia, kwa nguvu. Janelle pia. Wing pia, safari hii kapatia! Watu wakacheka, wakapiga makofi.

Mzee hakucheka. Kavua kofia yake. Kasema hicho ni kisima cha watu wa ukoo wa Hom. Kwao hakukuwa na kisima. Walichota mtoni, hatua tisini, mama yake akimhesabia kwa sauti ili asiogope giza la miti. Maswali yote walimuuliza, hilo hakuna aliyeuliza. Kisha kasema: "Mimi si Hom. Mimi ni Moy. Moy Seu Hing."

Nimeshaangalia mlango. Nimeshapanga: Wing ambebe Mzee, Janelle abebe kapu, mimi nimwangukie msichana miguuni.

Msichana akavua kofia. Kasema samahani, mzee wangu, je, ungependa kuliandika mwenyewe, nisije nikalikosea? Kaleta kitabu cha wageni. Baba Mkwe kaandika, herufi tatu za kwao, polepole. Janelle kasimama begani kwake. Kauliza, "Babu, kwa hiyo na mimi ni Moy?" Mzee kampa kalamu. Kamshika mkono, wakaandika pamoja.

Mimi? Nililia mbele za watu, nikiwa na maandazi kumi kapuni.

Msichana akamuuliza Dada Quan shairi la baba yake ni lipi. Dada Quan akatazama ukuta. Akatazama viatu. Kasema baba yake hakujua kusoma, na hakuwahi kusimulia chochote, kwa hiyo yeye alichagua lile zuri zaidi akampa.

Ningeweza kummaliza pale pale! Cherehani ishirini zingecheka mwaka mzima. Nikampa andazi. Nilitoa karatasi kwanza.

Yeye ndiye aliyetupiga picha. Mzee katikati, tai imenyooka, Janelle kamkumbatia. Picha ya Dada Quan ina ukuta. Yangu ina mtu! Ametuhesabia moja, mbili, tatu akisogea pembeni, kwa hiyo mimi nadhani nimetokea kiwiko tu. Lakini kiwiko cha mshindi.

Kwenye feri ya kurudi Baba Mkwe kasema Wing hakumwambia kitu. Aligundua mwenyewe Jumanne ile ile, maana hakuna mtu mwenye akili anayekula kaa wa ghuba mwezi wa kumi. Wavuvi hawatoki mpaka wa kumi na moja. Kasema: "Mwanangu, ungeniambia tu unataka mtoto ajue, ningekuja siku ile ile. Uliniuliza kama vile unaniuliza kuhusu chumvi."

Nimempikia Wing samaki mzima. Bado hajui kwa nini.

Jumatatu, 10 Oktoba

Picha iko kwa msafisha picha. Dada Quan kanisifia mbele ya wote, kasema mimi ni mtu wa mipango. Mbwa wake mzima.

Nimejifunza jambo kubwa: na watu wa nyumbani, sema ukweli, wazi, uso kwa uso. Nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari na kulipigia mstari mara mbili.

Sasa, kile kifua. Daktari yuko tayari kumwona Alhamisi. Mzee hapendi kabisa madaktari, akisikia tu neno anapanda kitandani na viatu. Nimefikiri sana nikipiga pasi. Nimemwambia Alhamisi tunakwenda kula kaa.

Kakubali papo hapo. Hata hakuuliza mgahawa gani.

Ushindi!