Majeneza Mawili ya Mapacha wa Titye

Jumatatu, 11 Novemba

Ukungu tangu alfajiri. Ukisimama mlangoni mwa karakana huoni hata geti la hospitali, na hospitali iko ng'ambo ya barabara tu. Watu wanachomoza ghafla, halafu hawapo. Kwa biashara yetu si ishara mbaya. Tunauza majeneza.

Mama Theodosia, mwenye karakana, amebandika karatasi ukutani: SIASA MARUFUKU HUMU NDANI. Herufi kubwa. Nyekundu. Ananilenga mimi. Juzi nilibishana na wafiwa kuhusu uchaguzi, wakaondoka kwa hasira wakanunua kwa jirani. Nimejaribu kumweleza kwamba ule ubishi nilishinda. Haikusaidia.

Akanijibu kwa sauti ndogo: "Ildefonsi, mimi niliingia nchi hii nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Siasa ndiyo iliyotutoa Burundi. Humu ndani sitaki kuisikia."

Kipriani, fundi wetu, akaitikia kwa kichwa huku akipiga msasa. Mnafiki! Yeye haongei siasa kwa sababu haongei chochote.

Lakini nimepata mpango. Kosa langu lilikuwa kubisha. Kuanzia kesho nakubaliana na kila mteja, chini chini. Mfiwa ukimkubalia, anaongeza vishikio vya shaba. Nikiuza vya kutosha, Mama atanipa umeneja. Kipriani atakuwa wa kwanza kunisalimu.

Jumanne, 12 Novemba

Mteja wa kwanza wa mpango! Mzee mmoja kutoka Titye, anaitwa Bukuru. Mrefu, mkavu, kofia ya pama. Anataka jeneza la ndugu yake. Mbao za mninga, kitambaa cheupe ndani, vishikio vya shaba. Sikuwa nimefungua mdomo.

Nikauliza urefu wa marehemu. Badala ya kujibu akavua viatu, akaingia ndani ya jeneza la maonyesho, akalala! Akakunja mikono kifuani. Akafumba macho. Akasema wao ni mapacha, likimtosha yeye litamtosha mwenzake.

Alikaa mle muda mrefu mno. Sikuona kifua kikipanda wala kushuka. Nikaanza kuongea, ili mtu aongee. Nikamgusia uchaguzi wa kitongoji chao. Akasema, macho bado yamefumbwa, kwamba yeye yuko kwa Mwalimu Anaclet, na ndugu yake Butoyi yuko kwa Swaumu, yule mama wa mitumba. Nikamwambia na mimi ni wa Anaclet damu damu, na kwamba ukaidi wa watu wa Swaumu ndio unaowawahisha kaburini, kama alivyowahi marehemu.

Akafumbua macho. Akasema, "Hajafa."

Mana yanje! Mungu wangu!

Akaeleza taratibu, akiwa bado amelala. Tangu uchaguzi uliopita hawasemezani. Yeye alikuwa wakala wa upande huu, Butoyi wa upande ule, wakatukanana mbele ya kijiji kizima, kila mmoja akaapa hatamzika mwenzake. Wake zao walishatangulia. Sasa Butoyi anakohoa, hana wa kumwandalia.

"Mwanangu, niliapa sitamzika. Sikuapa kwamba hatazikwa vizuri. Usimwambie mtu."

Nikaapa. Ameondoka, ukungu ukamfunika kabla hajafika barabarani. Nimemwambia Kipriani aanze kazi. Akanitazama kama nimemwagiza jeneza langu.

Alhamisi, 14 Novemba

Asubuhi Mzee Bukuru alirudi, safari hii na kofia ya kufuma. Nikamlaki kwa furaha: Mzee wangu, Anaclet anashinda! Akasimama. Akaniuliza nani kaniambia yeye anamtaka Anaclet.

Uso ule ule. Sauti ile ile. Jino lile lile limepungua. Ni Butoyi!

Nikasema Anaclet ni jina la beberu wetu, kwamba anashinda wenzake kwa uzito. Hakucheka. Akasema anataka jeneza la ndugu yake. Mninga, kitambaa cheupe, vishikio vya shaba. Akavua viatu. Akaingia kwenye jeneza lile lile la maonyesho, akakunja mikono vile vile.

"Ndugu yangu Bukuru moyo wake si mzima," akasema kwa macho yaliyofumbwa. "Niliapa sitamzika. Sikuapa kwamba hatazikwa vizuri. Usimwambie mtu."

Neno kwa neno! Hawajasemezana miaka yote hiyo. Nikakimbilia mpango: nikamwambia mimi ni wa Swaumu tangu tumboni mwa mama.

Alipoondoka, Kipriani aliweka randa chini, akaongea. Siku ya ajabu kweli! Akasema waambiwe leo hii. Nikamwambia asiwe mjinga. Wakipatana, kila mmoja atamzika mwenzake kwa mbao za kawaida na machozi ya bure. Mauzo mawili ya mninga yatayeyuka. Huwezi kuelewa uongozi ukiwa fundi.

Jumamosi, 16 Novemba

Mvua. Majeneza yamekamilika, yamewekwa sambamba nyuma ya karakana. Sipendi kwenda kule. Mchana, nikiwa peke yangu, la kushoto liligonga. Ko! Kimya. Halafu la kulia likajibu. Ko!

Nikatoka nje, nikanyeshewa. Mama Theodosia akasema ni mbao zinakauka. Nikamwambia huu ni msimu wa mvua, hakuna kinachokauka. Akaniuliza majeneza yale ni ya nani. Nikasema ni oda za familia moja, wana utaratibu mzuri wa kujiandaa. Akayatazama, akajifanyia ishara ya msalaba, akaenda kwenye mazoezi ya kwaya yake.

Jumatano, 20 Novemba

Bukuru alikuja kukagua. Akapitisha kiganja juu ya mninga kama anayempapasa ng'ombe. Nilikuwa nimefunika lile la pili kwa turubai. Akaniuliza kama ndugu yake huwa anapita njia hii. Kama bado anakohoa. Kama amekonda.

Halafu akasema Jumapili baada ya kanisa anafikiria kupita kwa Butoyi. Kumwangalia tu. Siasa zinapita, akasema, na sisi tulikaa tumbo moja.

Hatari! Mninga wangu! Ikanitoka yenyewe: nikamwambia mimi ni wa Anaclet mwenzake, sitamficha. Nimemsikia Butoyi sokoni akisema siku Bukuru akifa atacheza ngoma kaburini.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alisimama tu, uso ukampauka, na chini ya turubai kitu kikagonga. Ko. Akageuka kutazama. Nikakohoa kwa nguvu.

Akasema basi, ongezeni msalaba wa shaba juu ya mfuniko. Kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

Msalaba wa shaba! Mpango unafanya kazi. Kitu kilinibana kifuani mchana wote, nadhani ni maharage.

Ijumaa, 22 Novemba

Butoyi naye. Akapapasa vile vile, akauliza maswali yale yale: moyo wa Bukuru unaendeleaje, anapanda mlima bila kupumzika? Na yeye alikuwa anafikiria Jumapili! Nikamwambia yale yale, nikibadilisha majina tu. Naye akaomba msalaba.

Kipriani alinisikia. Alinitazama mpaka nikaangalia pembeni. Wivu.

Alhamisi, 28 Novemba

Jana ilikuwa siku ya uchaguzi. Leo ukungu mzito kuliko siku zote. Niliwasha taa asubuhi. Mzee akatokea mlangoni bila sauti ya hatua. Kichwa wazi, hana pama wala kofia ya kufuma.

"Ndugu yangu amefariki."

Nikasema pole sana, mzee wangu. Halafu nikakwama. Yupi? Uso mmoja! Nikitaja Anaclet, huenda ni Butoyi. Nikitaja Swaumu, huenda ni Bukuru. Nikatafuta kona. Nikasema matokeo ya jana yamewafurahisha wengi, sivyo?

Akanisogelea. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Wewe ungependa amebaki yupi?"

Nikajifanya natafuta kitabu cha oda. Akanipita, akaenda nyuma moja kwa moja kama mtu anayekwenda chumbani kwake, akavuta turubai. Majeneza mawili. Mninga kwa mninga, msalaba kwa msalaba. Mama Theodosia alikuwa ameingia nyuma yake, hata sikumwona.

Mzee akauliza la pili ni la nani.

Nilikuwa natafuta maneno. Kipriani akatangulia. "Ni lako, mzee. Aliliagiza yeye. Alisema aliapa hatakuzika, lakini hakuapa kwamba hutazikwa vizuri."

Mzee akaweka kiganja kimoja huku, kingine kule, akasimama katikati yake.

"Huyu aliniambia ndugu yangu atacheza kaburini kwangu," akasema, bila kunitazama. "Jana nilimkuta kwenye foleni ya kura. Akaniamkia. *Mwakeye*, ndugu yangu, akasema. Sikumwitikia. Akaenda kukaa pembeni ya ukuta. Walipokwenda kumwamsha ili apige kura, alikuwa wa baridi."

Mama Theodosia alinitazama. Alikuwa analia, na hajawahi kulia mbele ya mteja. Akaniambia nitabeba jeneza mpaka Titye, nitachimba kama watanipa jembe, na baada ya hapo nisirudi kwake.

Nikamkumbusha kwamba nimeuza mawili. Akaenda kumshika mzee mkono.

Ijumaa, 29 Novemba

Mazishi Titye. Nilibeba upande wa miguu, Kipriani kichwani. Njia nzima kwenye utelezi nilisikia ko, ko, ndani. Kipriani hakusikia, au alijifanya.

Mzee alichukua sepetu, akazika kwa mikono yake mwenyewe, kuanzia udongo wa kwanza mpaka wa mwisho. Hakutaka kupokewa. Kiapo kimekwisha, akasema.

Kilichonishinda ni kingine. Watu wa Anaclet walimpa pole wakimwita Bukuru, akaitika. Watu wa Swaumu wakamwita Butoyi, akaitika. Kila upande unasema aliyebaki ni wao. Hakuna aliyethubutu kuuliza, na msalaba wa mbao hawajauandika jina. Nilimwona wakati wa jua kuchwa, anatembea kutoka nyumba ya ndugu mmoja kwenda ya mwingine, anafungua madirisha ya zote mbili. Mlangoni mwa ile ya pili akajiamkia, *mwakeye*, salamu ya asubuhi, jioni ile, halafu akasubiri. Halafu akaitikia.

Nilishika njia haraka. Lakini nilipokuwa narudi nikawaza: anaitika kwa wote, wote wanampenda. Yule mzee ana akili ya biashara.

Jumatatu, 9 Desemba

Niko Kibondo! Kazi mpya, hewa mpya. Duka la kukodisha magauni ya harusi la Madamu Félicité. Hakuna mbao, hakuna sauti. Masharti yake mepesi: nisichelewe, nisile karibu na magauni, nisiongee siasa na wateja. Nikasema sina hata hamu.

Saa nne wakaja watu wa Kitahana, harusi kubwa. Baba wa bwana harusi alikuwa ndani anachagua suti, mama wa bi harusi nje anasubiri shela. Nikanusa kwamba hawakupiga kura sawa. Nikamwambia baba yaliyosemwa na mama. Nikamwambia mama yaliyosemwa na baba. Walikuwa hawajasema kitu, lakini wangesema. Sasa hawataki kukaa hema moja, kila upande unakodi mapambo yake! Madamu amenipigia makofi. Bi harusi alikaa kwenye kiti kwenye kona, shela kichwani, hasemi. Mchovu tu.

Walipokuwa wanaondoka, bibi mmoja mzee sana, sijui ni wa familia ipi, alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi kama bati la asubuhi. Akaniuliza mimi niko upande gani.

Nikamwambia, "Wako, bibi."

Alikuwa hajanitajia ni upi. Nadhani nilimjibu vizuri.